Safari ya Pangani kwa Pikipiki ya Marehemu Baba



Tulitoka nyumbani Dar es Salaam siku ya Alhamisi baada ya sala ya Alfajiri, sisi ndugu wawili juu ya pikipiki moja, tukielekea Pangani kwa dada yetu. Katika mfuko wa ndani wa koti la mmoja wetu mlikuwa na bahasha yenye shilingi laki saba. Fedha hizo hazikuwa zawadi wala mkopo. Zilikuwa haki ya dada yetu, nasi tulikaa nayo miezi minane huku tukijua kuwa ni yake. Khabari ya safari hii haiwezi kufahamika pasipo khabari ya pikipiki yenyewe, kwa hivyo tunamwomba msomaji avumilie kidogo, aingie nasi uani kabla hatujampeleka barabarani.

Pikipiki hiyo ni BMW R 80 G/S, iliyotengenezwa Berlin mwaka 1983. Namna hii ilianza kutoka kiwandani mwaka 1980, na herufi zake mbili za mwisho zinatokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya ardhi ya nyika na barabara, kwani ilikusudiwa kwenda kote kuwili. Mwaka 1981 ilishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar, na watu wakaanza kuitazama kwa macho mengine. Injini yake ina silinda mbili zilizotokeza ubavuni, moja kulia na moja kushoto, mfano wa mtu aliyeshika kiuno. Haina mnyororo, nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti iliyomo ndani ya mkono mmoja wa chuma. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa bwana shamba katika Mkoa wa Tanga. Aliinunua mwaka 1991 kwa mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akirejea kwao, akaitumia kazini na nyumbani hadi alipostaafu na kuhamia kwetu Dar es Salaam. Hata alipokuwa mtu mzima wa miaka sabini na zaidi alikuwa akiipanda kwenda kumwangalia binti yake Pangani, akilala huko siku tatu na kurejea na nazi mbili tatu zilizofungwa nyuma kwa kamba ya katani.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake pikipiki ilikataa kuvuta. Iliwaka vizuri na kunguruma polepole kama desturi yake, lakini mtu akivuta mafuta ilikohoa, ikatetemeka, na haikutaka kwenda. Baba akaifunika turubai. Akasema ataishughulikia akipata nafuu, nafuu hakuipata.

Alituacha watoto watatu, dada yetu mkubwa na sisi wawili. Mama alikuwa ametangulia. Msomaji ajuaye ilimu ya mirathi ataona mara moja kwamba mali iligawika mafungu matano, mawili kwa kila mmoja wetu na moja kwa dada. Mali yenyewe haikuwa nyingi, na sehemu kubwa ilikuwa fedha, ambayo haina taabu kuigawa. Taabu ilikuwa pikipiki, kwa kuwa haikatwi vipande. Tukakubaliana kwamba sisi tuichukue, naye dada apewe thamani ya fungu lake kwa fedha, jambo ambalo wanavyuoni wanaliita takharuj na ni halali wakiridhiana warithi.

Akaitwa fundi kuithamini. Akaiwasha, akaisikiliza, akavuta mafuta mara mbili, akatikisa kichwa. Alisema ringi zimekwisha, injini imechoka, vipuri vyake havipatikani, na thamani yake ni ya chuma na tairi tu, shilingi milioni moja na nusu. Fungu la dada likawa laki tatu. Tukampigia simu Pangani, tukamweleza. Alijibu, "Fanyeni, nyinyi ndio mnaoijua."

Naam, sisi ndio tuliokuwa tunaijua. Siku tatu kabla ya fundi kuja, tulikuwa tumekaa uani baada ya Isha, taa mkononi, tukafungua kifuniko cha kabureta ya kushoto. Kabureta za pikipiki hii, ambazo ni za kampuni ya Bing, zina kiwambo cha mpira mwembamba juu yake. Injini inapovuta pumzi, kiwambo hicho huinuka, nacho huinua pistoni ndogo pamoja na sindano ya petroli, na hapo ndipo injini hupata chakula chake. Kiwambo kikitoboka hakiinuki. Injini huishi kwa petroli ya polepole tu, mfano wa mgonjwa anayenyweshwa maji kwa kijiko. Tulikiinua kiwambo kile mbele ya taa, tukaona mwanga umepita katika mpasuko wenye urefu wa kidole. Cha kulia kilikuwa kimeanza kuchanika. Injini haikuwa na ila kubwa. Ilikuwa inahitaji vipande viwili vya mpira ambavyo bei yake, pamoja na kuviagiza kutoka Ulaya, haikufikia laki mbili.

Tulijua, na siku ya kuthamini tukanyamaza. Hatukumwambia fundi, hatukumwambia dada, wala sisi kwa sisi hatukulisema neno hilo kwa sauti. Mmoja wetu alikwenda kuteka maji, mwingine akajifanya anatafuta kadi ya pikipiki.

Vipande vilipofika tukaanza kazi. Wapo wenzetu wengi wenye pikipiki za zamani walioziacha ziozee chini ya miembe kwa kudhani kuwa hazitengenezeki, nao huenda wakafaidika na yale tuliyoyafanya, kwa hivyo tutayaeleza. Uani mwetu hapana mashine yoyote. Pana jamvi, ndoo, taa ya waya mrefu, na lile sanduku la spana lililokuja pamoja na pikipiki yenyewe.

Baada ya viwambo tulitazama valvu. Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, baada ya kulala usiku kucha. Huondolewa plagi, huzungushwa gurudumu la nyuma kwa mkono huku gia ikiwa juu, na mtu huchungulia tundu dogo ubavuni mwa injini mpaka aone herufi O na T zimesimama katikati. Hapo pistoni zimefika juu. Kisha hupimwa kwa bamba jembamba la chuma nafasi ya valvu, milimita 0.10 kwa ile inayoingiza na milimita 0.20 kwa ile inayotoa moshi. Tuliona valvu za moshi zimebana. Jambo hili lina sababu. Injini za miaka ile, kabla ya mwaka 1985, zilitegemea risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli ili kulinda vikalio vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Ni neema kubwa kwa vifua vya watoto wetu, na hapana anayetamani irudi, lakini mwenye injini ya zamani sharti apime valvu zake mara kwa mara, kwani vikalio huliwa, valvu huzama, na nafasi hupungua kidogo kidogo mpaka valvu ikaungua. Tulirekebisha, tukaandika tarehe na vipimo katika daftari la baba, chini ya mwandiko wake.

Mafuta ya injini ni kiasi cha lita mbili na robo, nasi kwa joto letu la pwani tunatia mazito ya 20W-50. Gia ina mafuta yake, shafti yake, na gurudumu la nyuma yake, na wengi husahau haya matatu kwa sababu hayaonekani. Tuliburuta sanduku la gia nyuma na kupaka grisi meno yanayoingia katika klachi, kazi ya siku nzima, ambayo asiyeifanya ataifanya baadaye kwa gharama mara kumi. Mafuta ya breki tuliyamwaga yote. Yalikuwa na rangi ya chai. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na yakikaa miaka huchemka pale unapoyahitaji zaidi. Tairi zilikuwa na meno mazuri, lakini ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, nazo zilituonyesha kuwa zina umri wa miaka kumi na moja. Tukazitupa.

Ama katika kuiongezea, tulijiwekea sharti moja, kwamba kila kitakachoongezwa kiwe cha kusimama, cha kuona au cha kukalia. Pikipiki hii ina diski moja tu mbele, na mpira wake wa breki ulikuwa ukivimba kila ukiminywa. Tukaweka bomba jipya lililosukwa kwa waya wa chuma. Taa ya mbele tuliipitishia rilei ili umeme utoke moja kwa moja katika betri, badala ya kuzunguka katika swichi na nyaya za miaka arobaini, na mwanga ukawa mwingine kabisa bila ya kubadili balbu. Springi ya nyuma tuliibadilisha kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikishuka na kupanda bila ya kutulia. Kijana mmoja wa jirani alitushauri tuweke bomba la moshi lenye sauti kubwa. Tulimwambia kwamba nyuma ya ukuta wetu kuna mgonjwa na mbele yetu kuna madrasa.

Miezi minane ilipita katika kazi hizi, jioni moja moja na siku za mapumziko. Na jambo la ajabu ni kwamba kadiri pikipiki ilivyokuwa ikipata uzima, ndivyo tulivyokuwa tukipungukiwa na furaha. Kila boliti tuliyoikaza ilikuwa ikitupa hesabu yake. Siku ilipowaka na kuvuta sawasawa, tukaipeleka mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, tukakaa jamvini, na mdogo wetu ndiye aliyesema kwanza, "Dada tumemdhulumu." Yule mwingine alijibu kuwa tangu usiku ule wa taa hakupata kusoma Suratun-Nisaa pasipo kuruka aya za mirathi.

Tulikwenda kwa shekhe wetu. Hakutukemea. Alituuliza tu kama tulijua kabla ya kuthamini au baada yake, nasi tukasema kabla. Akatukumbusha kisa cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake. Kisha akasema kuwa radhi ya mtu aliyefichwa jambo si radhi; twende tukathaminishe upya hali ile ya pikipiki kama ilivyokuwa siku ile, ila yake ikiwa imejulikana, kisha twende wenyewe kwa dada tumwambie yote, naye ana khiari. Akitaka atapokea tofauti, na akitaka atavunja mapatano na kudai fungu lake katika pikipiki yenyewe. Fundi mwingine, tuliyemweleza kila kitu, alisema pikipiki yenye viwambo vilivyochanika na injini nzima ingeuzwa milioni tano. Tano moja ya milioni tano ni milioni moja; dada alikwisha pokea laki tatu. Ndizo hizo laki saba za katika bahasha, ambazo tulizikusanya kwa kuuza friji na kukopa kidogo. Na kwa kuwa hatukujua dada atachagua lipi, tulichukua pia nauli ya basi ya kurudia watu wawili.

Basi tukatoka. Njia yetu ilikuwa ya Bagamoyo, kwa kuwa haina malori mengi kama ile ya Chalinze. Asubuhi ile hewa ilikuwa ya baridi na harufu ya bahari ilitufikia kabla ya kuiona. Tulipita Kaole kwa dakika chache, kilomita tano kabla ya mji, pale penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, tukawarehemu waliolala pale, tukashika njia ya Msata. Ni kilomita 64 za lami nzuri, ambazo marehemu baba alizijua zilipokuwa mchanga na mashimo. Injini ilikuwa ikiimba. Tulivuka mto Ruvu, kisha baada ya Msata tukavuka Wami, na kwa muda mrefu hatukusema kitu ila kumwonyesha mwenzake, kwa kidole, nyani walioketi pembeni mwa barabara kama wazee wa baraza.

Karibu na Kabuku taa nyekundu ya chaji ikawaka. Tukasimama chini ya mwembe. Wale waliopata kuimiliki pikipiki hii wanajua kwamba chombo cha kufua umeme kiko mbele kabisa ya injini, nyuma ya kifuniko, na wanajua pia kwamba kabla ya kukigusa kifuniko kile sharti uchomoe waya hasi wa betri. Asiyefanya hivyo, kifuniko kikigusa ncha za ndani, huunguza vitu vya thamani ya nusu ya safari. Tukauchomoa. Ndani tukakuta kishikizo kimoja cha waya kimelegea kwa mtetemo. Tukakibana kwa koleo, tukakirudisha, na taa ikazimika. Kazi ya robo saa. Wakati huo vijana wawili wa bodaboda walikuwa wamekwisha simama, wakaizunguka pikipiki yetu mara mbili, na mmoja akauliza kwa adabu, "Shikamooni wazee, hii injini ilipinda kwenye ajali?" Tukawaeleza kuwa ilizaliwa hivyo.

Mashamba ya katani yalianza kuonekana. Zao hili, ambalo liliufanya mkoa huu kuwa ulivyo, liliingia kwa mlango wa kule kule tulikokuwa tukienda. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Baba alikuwa akipenda kutuhesabia khabari hii kila tukipita, na alikuwa akiitaja ile 62 kwa sauti ya mtu anayetaja watoto wake.

Muheza tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukanunua machungwa. Kutoka hapo ipo njia ya kukata moja kwa moja hadi Pangani, lakini tulipita Tanga. Tulijiambia kuwa ni kwa sababu baba alikuwa akipita huko. Kwa kweli tulikuwa tunachelewesha kufika.

Njia ya kusini ya Tanga hupita Machui, karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, kisha hufika Tongoni. Hapo tulishuka. Palikuwa saa kumi, jua limelegea, na hapakuwa na mtu ila mlinzi na mbuzi. Kuta za msikiti bado zimesimama pamoja na mihrabu yake, na pande zote kuna makaburi ya matumbawe na chokaa yanayozidi 40, mengine yenye nguzo ndefu zilizovunjika na mashimo ya duara yaliyokuwa yamepachikwa bakuli za China. Bakuli zilikwisha zamani. Nje ya pwani hii kuna miamba ambayo meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Na mwaka uliofuata, walipokuwa wakirudi kwao na mabaharia wengi wamekufa, Wareno waliichoma moto hapa hapa, kwa kuwa hawakuwa na mikono ya kutosha kuziendesha meli zote. Tuliketi juu ya ukuta mfupi tukatazama bahari upande huo. Mdogo wetu akauliza kama dada akitaka pikipiki iuzwe tutafanyaje. Yule mwingine akasema itauzwa. Tukapima mafuta ya injini, tukagonga spoki za magurudumu kwa spana kusikiliza kama iko iliyolegea, tukaona zote zina sauti moja. Hapakuwa na kisingizio kingine cha kubaki.

Kutoka Tongoni hadi Pangani mahali pengine tulikuta lami na mahali pengine vumbi, na ile springi mpya ilitufaa sana. Minazi ilizidi. Tukauona mto, mpana na wa rangi ya udongo, ukiingia baharini, na mji umelala kando yake na nyumba zake za zamani zenye milango ya nakshi na kuta zilizokula chumvi. Ni mji uliopata kuona mambo. Misafara ilishuka hapa na pembe na watumwa. Na hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889. Siku hizi ni mji wa samaki, nazi na watu wapole, na mgeni akiuliza njia hupelekwa kwa mkono.

Dada aliisikia pikipiki kabla ya kutuona. Alitoka mlangoni na unga mikononi, akasimama, na kwa muda mchache uso wake ulikuwa wa mtu anayemngoja mwingine, si sisi. Kisha akaitika shikamoo zetu, akatukaribisha.

Hatukungoja chakula. Tulimweleza yote, tangu usiku wa taa hadi neno la shekhe, tukaiweka bahasha juu ya mkeka. Alisikiliza hali ya kuwa ameinamisha kichwa. Akaifungua bahasha, akahesabu noti moja moja mbele yetu, zote, bila ya haraka. Kisha akauliza, "Mlijua siku ngapi kabla?"

Tukasema siku tatu.

"Na lile bomba jipya la breki, na taa, na hizo tairi, mlinunua wakati gani?"

Tukasema katika miezi ile minane.

"Basi mliitengeneza kwa fedha yangu," akasema. Hakuinua sauti. Akainuka akaenda jikoni, na sisi tukabaki na mkeka wetu. Chakula kilipokuja kilikuwa kizuri, wali wa nazi na changu wa kupaka, naye akatuhimiza tule kama mtu anayewahimiza wageni. Mumewe alizungumza nasi juu ya bei ya nazi. Baada ya Isha, alipokuwa akitutandikia, dada alisema, "Fedha nimezipokea. Pikipiki kaeni nayo, siitaki. Hayo mengine nitalala nayo."

Usiku ule hatukupata usingizi mwingi. Bahari ilikuwa ikisikika.

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya sala, tulitoka nje kuifuta pikipiki umande. Dada akatoka amevaa baibui na kikapu mkononi. Alikuwa na shughuli Bweni, ng'ambo ya mto. Aliizunguka pikipiki polepole, akagusa tangi pale rangi ilipoliwa na magoti ya baba, pahala ambapo hatukupaka rangi mpya, akalitazama bomba la breki, akalitazama na daftari lililokuwa wazi juu ya kiti, akausoma mwandiko wa baba na wetu chini yake.

"Alikuwa akinipeleka mpaka kwenye pantoni," akasema. "Kila akija, asubuhi ya pili."

Mmoja wetu akabaki. Mwingine akapanda, akaiwasha, akaiacha ipate moto. Dada akafunga kikapu nyuma kwa ile ile kamba ya katani, akavuta fundo mara mbili kulijaribu, akakaa upande, akashika.

"Breki inashika?" akauliza.

"Inashika, dada."

"Haya. Polepole lakini."